Engaruka mpaka maporomoko ya Engaresero: mwongozo kamili wa safari ya siku moja kwa gari kutokea Mto wa Mbu

Watu wengi wakisikia ziwa Natron wanawaza flamingo na ule mlima wa Lengai basi, wanatoka Arusha usiku usiku wanakanyaga mafuta moja kwa moja, Engaruka wanaipita wanaona kibao tu. Mi nasema mnakosea wadau. Njia ile ina magofu ya mji mzima wa wakulima wa zamani pamoja na maporomoko ya kuoga kabisa, na ukipanga muda wako vizuri vyote viwili vinaingia kwenye siku moja na jioni unalala Mto wa Mbu. Ila muda ndo kila kitu hapa, kwa hiyo soma mpaka mwisho kabla hujawasha gari.

Kwanza, ujue unaenda wapi

Kutoka Arusha mpaka Mto wa Mbu ni lami tupu, kama kilomita 115 hivi, unapita Makuyuni unakata kulia. Hiyo haina stori, ifanye siku ya kabla. Lala Mto wa Mbu, vyumba vipo vya kila bei, na chandarua usikidharau maana jina la mji halikuja bure. Kesho yake ndo safari yenyewe: Mto wa Mbu kwenda kaskazini kupitia Selela mpaka Engaruka, kama kilomita 60, halafu kutoka Engaruka mpaka Engaresero kijiji kilichopo kusini mwa ziwa Natron, nyingine kama 60. Kwenda na kurudi 240. Ukisikia 240 unaona ndogo, kwa lami ni masaa matatu, lakini huku hesabu zako za lami ziache nyumbani.

Wanaotaka kufanya yote kutokea Arusha kwa siku hiyo hiyo, inawezekana kwa karatasi, ila magofu mtayaona kwa dirisha la gari na kurudi mtarudi giza. Usifanye.

Msimu

Juni mpaka Oktoba ndo kipindi kizuri, barabara kavu, vumbi jingi lakini unapita. Januari na Februari pia huwa kunapitika ila joto la Natron kipindi hicho si mchezo. Machi mpaka Mei, masika, mimi nisingeenda kwa siku moja kabisa, kwa sababu njia inakatizwa na makorongo mengi yanayoshuka kutoka kwenye ukuta wa bonde la ufa, na korongo linaweza kuwa kavu asubuhi wewe unapita unacheka, mchana mvua inanyesha huko juu milimani ambako hata huioni, jioni unakuta maji yanapita kwa nguvu na wewe uko upande usio wako. Hapo unasubiri yapungue, masaa mawili, matano, au unalala kwenye gari. Usijaribu kuvuka maji yanayokimbia eti kwa sababu gari ya mbele yako imevuka.

Gari na vitu vya kubeba

Land Cruiser au Prado ndo gari zake. Rav4 na nyingine zenye 4WD na kimo cha kueleweka zinafika kiangazi, dereva akiwa na akili. IST na Vitz iache Mto wa Mbu ipumzike. Najua kuna mtu atasema aliona Noah inabeba abiria huko, ni kweli zipo, lakini yule dereva anaijua kila jiwe na fundi wake anamdai.

Tairi za spea beba mbili kama unaweza, moja ni kamari. Jeki yenye kufanya kazi (ijaribu nyumbani!), kipande cha ubao cha kuweka chini ya jeki maana mchanga unaimeza, spana ya magurudumu, pampu ndogo ya upepo, kamba ya kuvutia, tochi. Mafuta jaza full tanki Mto wa Mbu, huko mbele utayapata ya kwenye chupa na madumu kwa bei ya mwenye nayo na ubora wa kubahatisha. Mambo ya upepo: ukiingia vumbi punguza kidogo kwenye tairi, gari inatulia na kutikisika kunapungua, ukirudi lami unajaza tena.

Maji ya kunywa lita tano kwa kila kichwa, usinibishie hapo. Chakula cha mchana beba, chapati, mayai, ndizi za Mto wa Mbu zile nyekundu, chochote kisichochacha kwa joto. Kofia, mafuta ya kujikinga na jua kama ngozi yako inayahitaji, kitambaa cha kufunga pua. Nguo za kuogea na, sikiliza hii, sendo zenye mikanda zinazobana mguu, sio kandambili. Kandambili mto utazichukua dakika kumi za mwanzo. Beba na mfuko wa plastiki mgumu wa kuhifadhia simu isilowe.

Mtandao unapotea sehemu nyingi kwa hiyo ramani ipakue kwenye simu kabla. Hela: beba za mkononi, noti ndogo ndogo, na nyingine ziwe kwenye simu, kwa sababu njia hii ina mageti. Kuna ushuru wa halmashauri, kuna wa magofu, kuna wa eneo la Natron, na kila sehemu ina risiti yake na raia wa Tanzania bei yake si sawa na ya mgeni, kwa hiyo kitambulisho cha taifa tembea nacho. Bei zinabadilika, jioni ile ukiwa Mto wa Mbu muulize dereva yeyote wa watalii, wanazijua mpaka shilingi ya mwisho. Risiti zote tunza mpaka urudi maana geti la kurudi wanaweza kukuuliza.

Saa 12 asubuhi: ondoka

Saa 12 kamili gari iwe inatembea, sio watu wanatafuta chaji. Njia ya Engaruka inaanzia upande wa kaskazini wa barabara kuu, ukitokea Arusha inakuwa mkono wako wa kulia, ukipotea uliza bodaboda yeyote. Asubuhi hiyo ukuta wa bonde la ufa uko kushoto kwako na jua linatokea kulia, linaupiga ule ukuta wote unakuwa mwekundu, na utakuwa nao pembeni hivyo hivyo karibu siku nzima. Hapa ndo pa kumwachia mtu mwingine usukani kama unapenda picha.

Mwendo: 40 mpaka 50, sehemu nzuri 60. Kuna vijituta vidogo vidogo vya mfululizo vinavyotikisa gari mpaka meno, watu wanakwambia ukikimbia huvisikii, ni kweli huvisikii ila na breki nazo hazikusikii, gari inateleza tu juu juu. Ng'ombe, mbuzi na punda wana haki ya njia, punda hasa, hana haraka na hajali honi. Pundamilia na swala wa Thomson mtawaona bila kulipia hifadhi, twiga pia mara kwa mara.

Saa 2 asubuhi: magofu ya Engaruka

Kuna Engaruka Chini na Engaruka Juu, magofu yako upande wa Juu, chini ya mlima pale mto Engaruka unapotoka kwenye korongo. Ingia ofisini kwanza, lipa, chukua mwongozaji wa pale kijijini. Najua wabongo hatupendi kulipia mtu wa kutuonyesha kitu kinachoonekana, ila hapa bila mwongozaji utaona mawe. Narudia, utaona mawe, utapiga selfi mbili utaondoka unasema umeibiwa.

Unachotakiwa kuona ni hiki. Kuanzia kama karne ya 15 mpaka karne ya 18 waliishi hapa watu waliokuwa wanalima kwa umwagiliaji, eneo la mashamba lililobaki linafika karibu kilomita za mraba 20. Waliyachukua maji ya mito inayoshuka kutoka nyanda za Ngorongoro, wakayapeleka kwa mifereji yenye kingo za mawe mpaka kwenye vitalu vya mashamba ambavyo navyo vimezungushiwa mawe, yote hayo bila saruji wala chokaa, jiwe juu ya jiwe. Juu ya mashamba kwenye mteremko kulikuwa na vijiji saba, nyumba zikijengwa kwenye vibaraza vilivyochongwa na kusawazishwa kimoja juu ya kingine kama ngazi. Mtama walilima, na mifugo walikuwa nayo, kuna mazizi ya mawe yaliyozama chini.

Sasa jinsi ya kuyatembelea. Usianze na vijiji juu ingawa mwongozaji anaweza kutaka kukupeleka huko kwanza kwa sababu ndo pana picha. Mwambie akuanzishie kwenye mfereji. Ushike mfereji mmoja uufuate kwa miguu, angalia unavyoshuka taratibu mno, mteremko mdogo kiasi kwamba maji yatembee bila kuchimba udongo, angalia sehemu unapogawanyika, kitalu hiki kinapata na kile kinapata. Halafu simama ndani ya kitalu uangalie ukubwa wa ukuta wake. Watafiti waliochimba hapa miaka ya karibuni wameonyesha kwamba baadhi ya vitalu vilijengwa kukamata tope linaloletwa na maji, yaani hawa jamaa hawakuwa wanamwagilia tu, walikuwa wanatengeneza shamba lenyewe, udongo unakuja na maji unatulia ndani ya mawe, mwaka hadi mwaka. Hapo ndo utaelewa kwa nini kuna mawe mengi hivyo. Yale marundo mengine ya mawe yametokana na kusafisha shamba, waliyakusanya wakayapanga pembeni.

Ukishaelewa maji ndo upande vijijini. Pale juu geuka uangalie chini, mistari ya vitalu inaonekana vizuri jua la asubuhi likiwa bado chini linatoa vivuli, ikifika saa 5 mistari yote inapotea kila kitu kinakuwa cheupe. Hii ndo sababu nimewaambia Engaruka ni asubuhi na maporomoko ni mchana, waliopanga kinyume wanapoteza vyote viwili, wanakosa vivuli vya magofu na wanakosa raha ya maji wakati wa joto.

Nani walikuwa hawa? Mjerumani Hans Reck alipita 1913 akaandika habari zake, mtafiti wa mambo ya kale Louis Leakey akaja 1935 akakisia kulikuwa na watu zaidi ya 30,000, watafiti waliokuja baada yake akina Sassoon na Sutton wakaishusha hiyo namba sana. Wengi wanawahusisha na Wasonjo ambao mpaka leo wako kaskazini huko wanamwagilia kwa mifereji, wengine wanawataja na Wairaki. Walihama kwa nini? Inayotajwa sana ni maji ya mito kupungua. Mwongozaji wako atakuwa na stori yake pia, ya wazee wa pale, isikilize, hata kama haifanani na ya watafiti.

Kitu kimoja, usipande juu ya kuta. Ni mawe makavu hayana kitu kinachoyashika, ukikanyaga moja kuta iliyokaa miaka 300 inamwagika kwa sababu ya picha yako. Wala usiokote kigae cha chungu ukaweka mfukoni.

Wakati unatoka angalia mashamba ya leo ya Engaruka Juu, mahindi, maharage, migomba, yanamwagiliwa kwa mifereji ya maji ya mto ule ule. Kama una bahati siku ya zamu utakuta watu wanafungua na kufunga maji kwa jembe. Mimi hapo hukaa zaidi kuliko hata kwenye magofu.

Saa 4 asubuhi: Engaruka kwenda Engaresero

Saa 4 ondoka hata kama stori imekolea. Kipande hiki kinakauka zaidi, miti inapungua, vumbi linakuwa la majivu, jepesi linaingia mpaka kwenye sanduku lililofungwa. Funga vioo. Mkiwa magari mawili msifuatane karibu, wa nyuma anakuwa kipofu.

Kulia kwenu mtaona mlima Kitumbeine na mbele zaidi Gelai, kushoto Kerimasi halafu Lengai wenyewe, karibu mita 3,000, umechongoka na una michirizi myeupe hadi watu wanadhani ni barafu. Sio barafu, ni mabaki ya lava, na lava ya Lengai ni ya aina yake duniani, ikitoka inakuwa nyeusi ya majimaji kama mafuta machafu, ikikutana na hewa na unyevu inageuka nyeupe kwa muda mfupi tu. Mlima uko hai, ulilipuka kwa nguvu 2007 na 2008. Kuupanda ni habari ya usiku na ni safari nyingine, usiuchanganye na hii.

Njiani kuna Shimo la Mungu, shimo kubwa la mlipuko wa volkano, si mbali na barabara. Dakika kumi zinatosha. Kingo zake hazina uzio na udongo wake ni mlegevu, watoto washikeni mikono kabisa.

Kwenye maboma ya Wamasai, ukisimama salimia kabla ya kitu kingine, "sopa" utaitikiwa "epa", mama mtu mzima ni yeyo, na Kiswahili wengi wanakielewa fresh tu. Usimpige mtu picha bila kuomba. Watoto watakukimbilia kuomba pipi na maji, maji wape kama unayo ya kutosha, hela za dirishani acheni, zinawafundisha kukaa barabarani mbele ya magari.

Saa 6 mchana: maporomoko

Ukifika Engaresero lipa getini, chukua mwongozaji wa kijiji, ni utaratibu wao na kwa huku kwenye korongo unamhitaji kweli. Kula kwanza kitu chepesi. Mnaendesha mpaka mwisho wa njia karibu na mdomo wa korongo la mto Engare Sero, gari inabaki hapo, mnaanza miguu.

Ni kama nusu saa mpaka dakika 45 kufika, na sehemu kubwa ni kuvuka mto huku na huku, maji ya magotini, sehemu nyingine ya mapajani kutegemea na msimu. Mawe yanateleza. Kanyaga pale mwongozaji alipokanyaga, na mahali penye ukingo mwembamba wa mwamba usione aibu kushikwa mkono. Kuta za korongo zinapanda pande zote mbili, mikindu imeota kwenye miamba, maji yanadondoka ukutani yanatoka kwenye mwamba wenyewe, na baridi yake baada ya lile joto la nje aisee. Mnakutana na maporomoko madogo njiani, watu wengi wanadhani wamefika wanaanza kuvua nguo, endeleeni, makubwa yako mbele, yana kidimbwi cha kuogea na unaweza kukaa chini ya maji yakakupiga mgongo.

Usiruke. Hata ukiona vijana wa pale wanaruka, wao wanajua jiwe liko wapi na wewe hujui, na hospitali ya maana iko mbali mno na hapo. Sabuni pia acheni kwenye gari, chini huko watu na mifugo wanayategemea maji hayo.

Na hili ndo la muhimu kuliko yote niliyoandika: kabla hamjaingia korongoni angalieni juu, upande wa magharibi, huko nyanda za juu maji yanakotoka. Wingu zito jeusi huko, hamuingii, hata kama hapa mlipo jua linawaka. Mkiwa ndani mkaona maji yanabadilika rangi kuwa ya tope au yanaanza kubeba majani na vijiti, tokeni papo hapo pandeni juu, msisubiri kumalizia video. Mwongozaji akisema leo hapana, ni hapana, msimbembeleze kwa hela.

Saa 8 na nusu muwe mmerudi kwenye gari.

Vipi kuhusu ziwa?

Mtataka, najua. Ukingo wa ziwa Natron unaonekana kutoka kijijini, na kulifikia unahitaji kama saa zima kwenda, kutembea kwenye magadi na kurudi. Kwa siku moja lina maana mbili tu: mkate muda wa maporomoko, au mrudi giza. Mimi ningeliacha. Kuna na nyayo za binadamu wa kale, zaidi ya 400, kwenye majivu yaliyogeuka mwamba, nazo zinastahili muda wake. Mkivutiwa na vyote hivyo basi laleni, kempu zipo, ila amueni mkiwa Mto wa Mbu sio mkiwa mmechoka saa 9 alasiri.

Saa 9 alasiri: kurudi

Saa 9 gari inageuka. Mnarudi njia mliyokuja, masaa matatu na nusu hivi, giza linaingia karibu na saa 1 kwa hiyo mna kaakiba kadogo ka pancha moja. Kabla hamjaondoka zungukeni gari, angalieni tairi zote mpaka upande wa ndani, maana mawe ya huku yanachana ubavuni, kazeni nati, na wa kuendesha awe hakulala vibaya jana.

Kuna njia nyingine ya kutokea Longido, inapita upande wa Gelai inakupeleka barabara ya Namanga, mtu atakwambia ni fupi kurudi Arusha. Ni njia ya upweke, ukiharibikiwa jioni unaweza usione gari lingine mpaka kesho. Iacheni siku mkiwa magari mawili na asubuhi.

Mkipata pancha badilisheni pale pale, msiburuze mpaka mpate kivuli. Mkikwama mchangani msikanyage mafuta kwa hasira, gari inazidi kuzama, shukeni, chimbeni mbele ya magurudumu, wekeni mawe au matawi, shusheni upepo zaidi. Vijana wa maboma ya karibu watakuja kusaidia hata hamjawaita, shukrani ya mkono mkubaliane vizuri bila kelele.

Mkifika Mto wa Mbu jazeni upepo wa lami kabla ya kwenda kula, na asubuhi kabla ya kuanza safari ya Arusha fungueni ea klina muipulize, mtaona vumbi lililotoka humo, halafu mkague shokapu kama hakuna inayovuja mafuta.